Mtani Hadaiwi Furaha

Kila timu ya Tanzania inapofika mbali katika mashindano ya Afrika, hurudi agizo lile lile: tuweke ushabiki pembeni, hili sasa ni suala la taifa. Wachambuzi hulitoa redioni, viongozi hulitoa majukwaani, na hata abiria wa kiti cha jirani kwenye basi hulitoa bila kuulizwa. Mimi ni Yanga, na nataka kuuliza swali ambalo agizo hilo huliruka. Je, kuna mtu anayeweza kunidai furaha? Simba ikicheza fainali, nina wajibu wa kutaka ishinde? Na kama sina wajibu huo, nina wajibu gani mwingine?

Tumekwishapata nafasi za kutosha za kulijibu. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka suluhu na Stella ya Abidjan ugenini, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam. Tarehe 28 Mei 2023 ilikuwa zamu yetu: fainali ya Kombe la Shirikisho, Uwanja wa Benjamin Mkapa, USM Alger ikatufunga 2-1. Tarehe 3 Juni tulishinda 1-0 kule Algiers, tukalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Miaka miwili baadaye Simba ikacheza fainali ya mashindano hayo hayo na RS Berkane ya Morocco, ikafungwa 2-0 ugenini tarehe 17 Mei 2025, ikatoka sare ya 1-1 Uwanja wa Amaan, Zanzibar, tarehe 25 Mei. Fainali tatu, hakuna kombe, na nchi iliyogawanyika kati ya wanaolia na wanaocheka.

Kwetu Lembeni mgawanyiko huo unaonekana kwa macho. Lembeni ni mji mdogo wa wilaya ya Mwanga, pale barabara ya Moshi kwenda Dar es Salaam inapoishika tambarare kuelekea Same, milima ya Upare ikiwa upande mmoja na nyika kavu upande mwingine. Katika kibanda umiza, Simba hukaa mabenchi ya kushoto na Yanga ya kulia, na hakuna aliyewahi kupanga iwe hivyo. USM Alger ilipotufunga bao la pili, mabenchi ya kushoto yaliruka kana kwamba Algiers ni kitongoji cha Same. Walioruka ni watu ninaowajua. Mmoja ni baba yangu mdogo.

Je, walitenda dhambi dhidi ya taifa?

Niitendee haki hoja ya wanaosema ndiyo, maana ina nguvu kuliko mashabiki wengi wanavyokubali. CAF hupanga nchi kwa pointi ambazo klabu zake hukusanya katika misimu mitano, na nchi 12 za juu huruhusiwa kupeleka timu nne badala ya mbili. Simba ilipofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2018/19, kisha tena 2020/21, ilikuwa inaikusanyia Tanzania pointi hizo. Yanga, iliyomaliza ligi ya 2020/21 katika nafasi ya pili, ilicheza Ligi ya Mabingwa msimu uliofuata kwa nafasi ambayo jasho lake kubwa lilikuwa la Simba. Mwaka 2023 serikali nayo ilionyesha inavyolitazama jambo hili: Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao ambalo Simba au Yanga ingefunga katika mashindano hayo ya Afrika, na mtaani ahadi ikapewa jina la goli la Mama. Kwa hesabu hizi, shabiki wa Yanga anayeiombea Simba mabaya anakata tawi alilokalia.

Hesabu zenyewe ni sahihi. Hitimisho ndilo silikubali. Faida hunipa sababu ya kutaka Simba iwepo, iwe na nguvu, ilipe mishahara kwa wakati na isafiri vizuri. Mwenye duka la jirani akivuta wateja, wengine watapita kwangu, kwa hiyo sitaki afunge duka. Lakini hainilazimu kulala macho nikimwombea auze kuliko mimi. Ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya anataka faida ifanye kazi ya upendo.

Kuna jambo kubwa zaidi. Furaha haiamrishwi. Unaweza kuniamuru nisimame wimbo wa taifa unapopigwa, nilipe kodi, nisirushe chupa uwanjani. Hayo ni matendo, na matendo nayamiliki. Lakini bao la Berkane linapoingia, kitu kinachoruka kifuani mwangu hakisubiri ruhusa yangu wala ya waziri. Ukinilazimisha kufurahi unachokipata ni mtu anayepiga makofi huku amebana meno. Umempa unafiki, ukauita uzalendo.

Na uzalendo wenyewe, unapokuwepo, hauhitaji kutangaziwa. Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam, na Tanzania ikafuzu fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Siku ile sikusikia mtu akiombwa aweke ushabiki pembeni. Hapakuwa na cha kuweka pembeni. Hakuna aliyeuliza mfungaji alilelewa na klabu gani. Inapobidi watu wahimizwe mara kumi kwamba hii ni timu ya taifa, huenda ni kwa sababu kila mtu anajua kwamba siyo. Ni klabu. Ina wanachama wake, rangi zake, na historia ya kutukera tangu miaka ya thelathini.

Hadi hapa najua wenzangu wa mabenchi ya kulia wananishangilia. Watanyamaza sasa, maana jibu lao nalo halinitoshi. Wao husema mpira ni burudani, kila mtu acheke anavyotaka, asiyeweza kuvumilia aende akaangalie tamthilia. Husema ni utani tu. Ninawajibu kwa kisa kilichotokea kwetu.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Kwenye kijiwe cha bodaboda pale Lembeni kulikuwa na vijana wawili walioegesha pikipiki zao pamoja kwa miaka, mmoja Yanga, mwingine Simba. Usiku ule ule yule wa Yanga alitengeneza tangazo la kifo. Alilitengeneza vizuri, lazima niseme. Juu aliandika neno TANZIA, chini yake akaweka picha ya mwenzake akiwa na suti ya harusi ya dada yake, kisha maneno kwamba familia inasikitika kutangaza kifo cha kijana wao, kilichotokea ghafla Uwanja wa Benjamin Mkapa kutokana na maradhi ya mabao matano, na kwamba msiba uko Msimbazi. Akalituma kwenye kundi la simu la kijiwe. Kila mtu alicheka. Yule wa Simba mwenyewe alicheka, akajibu kwamba marehemu atafufuka mzunguko wa pili.

Lakini picha kwenye simu haikai ilipowekwa. Mtu alilipeleka kundi la shule waliyosoma, mwingine akalipeleka kundi la ukoo, na kabla ya usiku wa manane lilikuwa limepanda mlima hadi Usangi, anakoishi mama wa kijana yule. Mama hana simu ya kuonyesha picha. Mtoto wa jirani alimsomea neno la kwanza na jina, akaishia hapo, kwa sababu baada ya maneno hayo mawili hakuna aliyekuwa na utulivu wa kusikiliza mengine. Walimpigia kijana. Simu ilikuwa imezimika, chaji imeisha.

Jumatatu asubuhi mama alishuka na gari la kwanza, akiwa na kinamama wawili wa kumshika mikono, kanga za msiba na mkungu wa ndizi. Alimkuta mwanawe anaosha pikipiki.

Sijui kama msomaji amewahi kumwona mtu akipokea habari njema ambayo mwili wake hauwezi kuibeba. Mama alikaa chini kwenye changarawe, pembeni ya barabara kuu, malori yakipita. Hakulia. Aliomba maji, kisha akasema anataka kurudi nyumbani. Tangu siku ile vijana wale hawajasemezana. Yule wa Yanga ana utetezi mmoja, na ameurudia kwa kila aliyejaribu kuwapatanisha: ulikuwa utani wa Simba na Yanga, hata mwenyewe alicheka.

Utetezi huo naupima kwa neno lake lenyewe. Tunaziita Simba na Yanga watani wa jadi, na sidhani kama tunalisikiliza tena neno hilo. Utani katika nchi hii ni taasisi, ina zaidi ya maana ya mzaha. Wanyamwezi na Wazaramo wana utani wao, watu wengine wana wao, na sisi Wapare hatujawahi kukosa la kuambiwa na Wachaga, wanaodai kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili agharamie kesi ya kuku. Mwanaanthropolojia wa Kiingereza, Radcliffe-Brown, aliandika makala maarufu mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya namna hii, akiyaeleza kuwa ni uhusiano ambao mtu anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumtania mwenzake, na mwenzake hatakiwi kukasirika. Nilipoisoma darasani nilikubali kila neno, lakini niliona ameanzia kwenye matusi. Wazee wa kwetu huanzia kwenye kaburi.

Mahali utani unapofanya kazi yake kubwa ni msibani. Mtani hufika watu wakiwa wamekaa kimya. Huiga kikohozi cha marehemu, hudai deni ambalo halikuwahi kuwepo, hulala mahali panapotakiwa kuchimbwa na kugoma kuinuka mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yakitoka, na kucheka huko huwasaidia kuvuka saa ile. Kisha mtani yule yule hushika sururu na kuchimba. Leseni yake ya kukejeli ameilipia kwa kazi. Anaruhusiwa kusema yasiyosemeka kwa sababu kila mtu anajua yeye hataondoka jua likizama.

Kwa hiyo utani una masharti, na Kiswahili chenyewe kinayatunza. Ndiyo maana tuna neno utani, na kando yake tuna dhihaka, kejeli na masimango. Kinachotofautisha ni uhusiano, maneno yanaweza kuwa yale yale. Mtani naye anaweza kunijibu kesho. Mtani ameingia katika mchezo akijua ni mchezo. Na siku ya shida mtani anakuja.

Kwa vipimo hivyo, tangazo lile la TANZIA lilikuwa utani halali lilipokuwa kwenye kundi la kijiwe. Aliyetaniwa alicheka, akajibu, na kama angekufa kweli aliyelitengeneza angekuwa wa kwanza kufika. Lilipotoka pale liligeuka kitu kingine, ingawa hakuna herufi iliyobadilika. Lilimfikia mtu asiyekuwa mtani wa mtu yeyote katika jambo hili. Mama yule hana timu. Hakuwa na bao la kusherehekea kesho yake ili alipize. Alichokuwa nacho ni mtoto.

Wazee waliokaa juu ya shauri hilo walifika hapo haraka kuliko mimi na vitabu vyangu. Mmoja wao alimwuliza kijana wa Yanga swali moja tu: mtani wako ni yeye, au ni mama yake? Kisha wakasema apande Usangi na kuku mmoja, akae na mama, anywe chai yake, arudi. Kijana amekataa. Anasema hana ugomvi na mama, na kwamba si yeye aliyelituma kwenye kundi la ukoo. Yote mawili ni kweli. Lakini mtani hapelekwi msibani na hatia. Anakwenda kwa sababu msiba ni wa upande wake wa uhusiano, na safari hii msiba ulikuwa umetengenezwa kwa mkono wake.

Kisa hiki kinanisaidia kuona mipaka mahali pengine ambapo huwa tunapita bila kupunguza mwendo. Mchezaji, kwa mfano. Beki aliyejifunga, kipa aliyetemwa na mpira mikononi, mshambuliaji aliyetoka Kongo, Mali au Burkina Faso kuja kutafuta riziki Dar es Salaam: hao si watani wangu. Hawajaingia katika mkataba huu. Mimi na shabiki wa Simba tunaweza kuitana majina yote ya msimu, kolo na utopolo, tukalala salama. Kumwandikia kipa ujumbe kuhusu mkewe kwa sababu ameachia bao la dakika ya tisini hakuna utani ndani yake, maana hana njia ya kunijibu na mimi sitafika kwake akifiwa. Mwamuzi vile vile. Akikosea, nitasema amekosea, na nitasema kwa sauti. Mama yake hakupuliza filimbi.

Kisha kuna watu ninaokutana nao kwenye simu tu. Kijiweni Lembeni matusi ni mazito kuliko yale ya mtandaoni, aliyewahi kukaa pale anajua. Lakini anayekutukana ndiye atakayekubeba bure ukipata homa usiku, na ndiye utakayekaa naye turubai moja mtu wa kijiji akifa. Mtandaoni tumechukua leseni ya mtani tukaacha sururu yake. Tunacheka na kuondoka. Sisemi watu wasitaniane huko, maana hata mimi hutaniana. Nasema asiyeweza kuja msibani apunguze ukali, kwa sababu hajalipia.

Nirudi kwenye fainali, ambako swali lilianzia. Tarehe 25 Mei 2025 nilikuwa hosteli, niko na vitabu vya masomo yangu ya uzamili, na niliangalia mechi ya Amaan hadi mwisho. Nilitaka Berkane ichukue kombe. Silifichi jambo hilo, na silitolei sababu. Mpira ulipoisha nilimpigia baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Najua umepiga kucheka."

"Ndiyo. Na kujua umeshindaje."

"Mama yako mdogo amepika ugali, nimeshindwa kula. Cheka haraka, salio lako litaisha."

Nilicheka. Nilimwambia kuwa mkungu wa ndizi alioniletea Juni 2023 kama rambirambi, siku ile tulipolikosa kombe kule Algiers, nitaurudisha nikifika likizo. Akasema nisilete ndizi, nilete mbolea, maana rambirambi ya mwaka huu inatakiwa iwe ya maana. Tukaongea kuhusu mahindi yaliyokauka, na kuhusu goti lake, kwa dakika kumi hivi. Ningekuwa mtiifu kwa lile agizo la taifa, ningempigia nikijifanya nimeumia, naye angejua ninadanganya, na tusingekuwa na cha kuongea.

Ndipo ninaposimama. Taifa halinidai furaha, kwa kuwa furaha hailipwi kwa amri, na klabu si taifa. Lakini mtani ananidai mengine. Ananidai nimcheke yeye, nisimcheke aliye nyuma yake. Ananidai nipokee zamu yangu bila kununa. Ananidai nipige simu baada ya filimbi. Watu husema adui mwombee njaa, na wapo wanaoichukua kauli hiyo kuwa katiba ya ushabiki. Iwe hivyo kwa adui. Mtani nikimwombea njaa na njaa ikaja kweli, ni mimi ninayetakiwa kumpelekea unga.

Msimu mwingine unaanza na mabenchi ya kibanda umiza yatajaa tena, kushoto na kulia. Pale kijiweni pikipiki mbili bado zinaegeshwa mbali mbali, moja upande wa barabara kuu na nyingine upande wa reli. Abiria asiyejua hushangaa akiita moja na nyingine isisogee. Wachaga wakisikia kwamba shauri hili limefikia karibu miaka miwili na linasubiri kuku mmoja, watapata la kutuambia, na watakuwa na haki. Yule mama ameshasema hamhitaji kuku. Anataka kijana apande tu, akae, wacheke naye lile tangazo, maana mpaka leo hakuna aliyewahi kumsomea hadi mwisho.